Mvua, Vijidudu vya Angani, na Neno Tulilolisema kwa Haraka

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vionekanavyo na visivyoonekana. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu wasomaji watakumbuka ule ukame ulioshika nchi za Pembe ya Afrika tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita mmoja baada ya mwingine pasi na mvua ya kutosha. Katika bara ya Tana na Garissa mifugo ilikufa njiani kabla ya kufika penye maji, na katika visiwa vya Lamu watu walichungulia ndani ya majabia yao wakaona sakafu. Katika siku hizo sisi tulitoka pamoja na watu wa mji wetu, wazee kwa watoto, tukenda uwanjani tukasali sala ya kuomba mvua kama ilivyopokewa katika Sunna, tukageuza nguo zetu mabegani, tukainua mikono.

Usiku wa siku ile ile, katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, tulikuwa twasoma mlango wa sala hiyo. Kijana mmoja, mwanafunzi wa skuli ya juu, akauliza kwa adabu kama ni kweli aliyoyasoma: kwamba ndani ya mawingu mna vijidudu vilivyo hai, vitokavyo katika majani na udongo; kwamba baadhi yake husaidia maji ya wingu kuganda, na kwa kuganda huko mvua hushuka; na kwamba mvua ikinyesha katika nchi kavu, vijidudu hivyo huzidi hewani badala ya kupungua. Kabla hatujapata kujibu, mzee mmoja wetu akasema kwamba huo ni ukafiri, kwani mvua huteremshwa na Mwenyezi Mungu wala haiteremshwi na vidudu. Kijana akacheka. Na sisi, kwa kumstahi mzee na kwa kuchukizwa na kile kicheko, tukasema mbele ya watu wote kwamba maneno hayo ni upuzi wa watu wasio na dini, na kwamba mwenye kuyaamini na aitazame vyema imani yake.

Kijana yule hakuja tena darsani. Baadaye alikwenda zake bara kwa masomo. Mwaka huu aliporudi kwao kwa ajili ya Idi tulimwendea nyumbani. Akatukaribisha, akatutilia kahawa kwa mkono wake, akatuambia neno tulilolistahiki: "Sheikh, mimi nimekwisha kusamehe. Lakini neno lilisemwa mbele ya watu, na msamaha waombwa chumbani." Tukanyamaza, kwani hatukuwa na jawabu. Basi makala haya ndiyo jawabu letu, na twayaandika mahali ambapo waliosikia lile la kwanza watayaona na haya.

Kwanza na tuyaeleze mambo yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya kosa letu ilikuwa ni kulikataa jambo kabla ya kulijua.

Wengi wetu twadhani kwamba maji yakifikia nyuzi sifuri za Selsiasi hayana budi kuganda. Katika birauli lililomo ndani ya friji ni karibu na hivyo, kwani maji yale ni mengi na yana taka zake. Lakini tone la wingu ni dogo mno, na likiwa safi laweza kubaki maji hata baridi ikafika karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Si kwamba halisikii baridi; ni kwamba halina pa kuanzia. Chembe za maji zataka kitu cha kuzipanga, kama maamuma wasimamavyo ovyo uwanjani mpaka apatikane wa kusimama nyuma ya imamu, ndipo safu ikajinyosha yenyewe kulia na kushoto. Kitu hicho cha kupangia ndicho wataalamu wakiitacho kiini cha barafu.

Vumbi la udongo hufanya kazi hiyo, lakini aghlabu huhitaji baridi kali, ya nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wawili katika Marekani, Russell Schnell na Gabor Vali, walipima majani ya miti yaliyooza wakaona kwamba yagandisha maji katika baridi ndogo sana kuliko ile. Hawakuelewa mara moja ni kwa nini. Baada yake ikabainika kwamba mwenye kazi ile ni bakteria, na aliye mashuhuri zaidi miongoni mwao huitwa Pseudomonas syringae, makazi yake yakiwa juu ya majani ya mimea. Katika ngozi yake pana protini iliyoumbwa kwa namna ambayo chembe za maji zikiigusa hujipanga kama zijipangavyo ndani ya barafu, na hivyo maji huweza kuganda hata katika nyuzi 2 tu chini ya sifuri. Kwa mkulima wa nchi za baridi kiumbe huyu ni adui, kwani huligandisha jani katika usiku ambao pengine lingesalimika.

Sasa, barafu yahusianaje na mvua? Katika wingu refu lililofika juu kwenye baridi, chembe ya barafu ikizaliwa katikati ya matone mengi ya maji, ile barafu huuvuta mvuke kwake na matone ya jirani hupungua. Moja hukua kwa kupungua kwa mengi. Ikisha kuwa nzito huanguka, na ikipita katika hewa ya joto huyeyuka, ikatufikia chini ni mvua. Si kila mvua huzaliwa hivyo. Mawingu mafupi ya baharini katika nchi za joto kama zetu huweza kunyesha pasi na barafu yoyote, kwa matone kugongana na kuungana. Lakini juu ya nchi kavu, sehemu kubwa ya mvua hupita katika mlango huu wa barafu, na yeyote mwenye kushika ufunguo wa mlango huo, hata akiwa mdogo kiasi gani, si wa kupuuzwa.

Ni yule Schnell ndiye aliyekuja baadaye hata Kenya kwetu. Kule Kericho, katika mashamba ya chai, mvua ya mawe hunyesha zaidi ya siku 100 katika mwaka, jambo lisilo na mfano ila katika mahali pachache duniani. Katika mwaka 1982 yeye na mwenzake Suan Neo Tan-Schnell waliandika kwamba takataka za majani ya chai zilizolala chini ya michai zina viini vya barafu vingi vyenye nguvu. Wakasema yamkini vumbi lake, likitifuliwa na miguu ya wachumaji, huchukuliwa na hewa ya joto hadi mawinguni. Twakiri kwamba tumekunywa chai hiyo maisha yetu yote na hatukupata kuwaza habari ya majani yaliyobaki chini.

Lakini Kericho ni nchi ya maji, na swali la kijana wetu lilikuwa juu ya nchi kavu. Hapa ndipo penye ajabu zaidi.

Akili ya kawaida yasema kwamba mvua huisafisha hewa. Kila mtu ameona jinsi anga ilivyokuwa na utusitusi wa vumbi, kisha ikanyesha, ikawa wazi mpaka mnazi wa ng'ambo ukahesabika makuti yake. Ni kweli, mvua hulikokota vumbi kulirudisha chini. Basi katika kiangazi cha mwaka 2011 kundi kubwa la wataalamu lilikwenda kupima hewa katika msitu wa Manitou, katika milima ya Colorado huko Marekani. Ni mahali pa ukavu, pa kimo cha mita zipatazo 2,300 juu ya bahari, penye misonobari iliyoachana na udongo mkavu wa kokoto, na mvua ya kiangazi hujia mchana kwa ngurumo kisha ikaondoka. Waliweka vyombo viwezavyo kupambanua chembe ya vumbi na chembe ya kitu chenye uhai, vikahesabu usiku na mchana.

Ilipoanza kunyesha, chembe zenye asili ya uhai, yaani bakteria na mbegu za kuvu na vipande vyao, ziliongezeka hewani kiasi cha mara kumi na zaidi. Nyingi zilikuwa na unene wa maikroni 2 hadi 6, na maikroni ni sehemu moja katika 1,000 ya milimita. Viini vya barafu navyo vikaongezeka pamoja nazo. Na mvua ilipokatika hazikutoweka. Zilidumu kwa saa nyingi, maadamu majani na ardhi vilikuwa vingali na unyevu. Alex Huffman na wenzake waliyatangaza haya katika mwaka 2013. Maana yake ni kwamba tone lile lile lifagialo vumbi huamsha jeshi jingine na kulipandisha juu.

Hupandaje? Wengine katika viumbe hao, nao ni kuvu, hungoja unyevu ndipo warushe mbegu zao wenyewe, kama ambaye amekaa na mizigo yake pwani akingoja upepo wa kusafiria. Wengine hurushwa na pigo la tone juu ya jani. Na wengine hutoka udongoni kwa njia ambayo haikuonekana mpaka mwaka 2015, pale Youngsoo Joung na Cullen Buie katika chuo cha MIT walipolipiga picha tone likianguka, kwa kamera ya mwendo wa kasi mno. Tone likitua juu ya udongo mkavu wenye vitundu hufungia hewa chini yake; hewa ile hupanda ndani ya tone kwa mapovu madogo, mapovu yakapasuka juu na kurusha manyunyu yasiyoonekana, mfano wa soda iliyofunguliwa sasa hivi. Mvua ndogo na ya wastani ndiyo irushayo zaidi kuliko mvua ya kumwaga. Miaka miwili baadaye wataalamu hao walionyesha kwamba manyunyu hayo huchukua bakteria wa udongoni wakiwa hai, na kwamba waweza kuishi hewani zaidi ya saa moja. Tone moja huchukua sehemu ndogo tu, kama bakteria mmoja katika 10,000 walio mahali lilipoangukia. Lakini ni nani awezaye kuhesabu matone ya mvua moja?

Na jambo hili pua zetu zilikuwa zikilijua. Ile harufu njema ya ardhi inaponyeshewa baada ya kiangazi kirefu yatokana, kwa sehemu yake kubwa, na vitu vinavyotengenezwa na viumbe wadogo wa udongoni na mafuta ya mimea yaliyoingia katika mawe na udongo wakati wa ukavu. Isabel Joy Bear na Richard Thomas, wa Australia, waliiandikia na kuipa jina katika mwaka 1964. Lakini walikiri kwamba watu wa Bara Hindi walikwisha kuitambua mbele yao, kwani huko huchoma vidongo vya udongo mkavu, wakavitokosa na kuukusanya mvuke wake katika mafuta ya msandali, wakauza attari ya harufu ya mvua. Wauzaji wa attari wa miji yetu ya pwani waijua. Basi mwenye kuvuta harufu ile na kumshukuru Mola wake kwa mvua, amekwisha kuvuta ushahidi wa maneno ya kijana yule naye hana habari.

Limebaki swali moja la elimu: je, hao walioamshwa na mvua ya leo huisaidia mvua ya kesho? Mtaalamu wa mimea David Sands, wa Montana, aliyekuwa akifuatilia ugonjwa wa ngano, aliwasaka bakteria hao kwa ndege hata juu ya mashamba akawapata angani. Naye na wenzake ndio walioleta rai, katika mwaka 1982, kwamba mimea huwalea bakteria, upepo huwapandisha, mawingu huganda kwa sababu yao, mvua huwarudisha, na mimea ikaota tena. Mwaka 2008 Brent Christner na wenzake walionyesha kwamba viini vya barafu vya asili ya uhai vimo katika theluji ya sehemu nyingi za dunia, hata ile ya Antaktika. Kisha mwaka 2015 Keith Bigg wa Australia, pamoja na Samuel Soubeyrand na Cindy Morris wa Ufaransa, walichungua kumbukumbu za mvua na za viini vya barafu za Australia wakaona kwamba baada ya mvua kubwa viini huzidi, kisha hupungua kidogo kidogo kwa muda upatao siku 20, na kwamba uwezekano wa mvua nyingine nao hufuata njia hiyo. Wakasema sababu iliyo karibu na akili ni viumbe walio hai, kwani vumbi halizai.

Haya si mambo yaliyokwisha. Wako wataalamu wanaosema kwamba, ukiijumlisha dunia yote, vumbi la majangwa ni jingi mno kuliko bakteria hata sehemu ya bakteria katika mvua yote ikawa ndogo. Na wako wanaosema kwamba hesabu hiyo ya dunia nzima yaficha mahali na nyakati ambapo wao ndio wenye kazi. Sisi si wa kuamua baina yao. Lakini mtu aliyesoma haya akauliza hakuwa mpuuzi, na mpuuzi tulikuwa sisi.

Sasa twalijia lile neno zito, kwamba ni ukafiri.

Waliosema hivyo, nasi tukiwa pamoja nao, waliitegemea Hadithi ya Hudaybiya, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Zaid bin Khalid. Ilinyesha usiku, Mtume (S.A.W.) akawasalisha watu Alfajiri, kisha akawapa habari kutoka kwa Mola wao kwamba miongoni mwa waja wameamkia wenye kuamini na wenye kukufuru: aliyesema tumepata mvua kwa fadhila na rehema ya Mungu huyo ni muumini, na aliyesema tumepata mvua kwa nyota fulani huyo ameiamini nyota. Hadithi ni sahihi, na maana yake ni kubwa. Lakini tulipoisoma kwa hasira hatukurudi kwa wenye elimu waliotutangulia. Imamu Shafi, ambaye twajinasibu naye, alieleza kwamba mwenye kuitaja nyota kwa maana ya wakati, akiitakidi kwamba mnyeshaji ni Mungu, hakufuru, ingawa lafudhi nyingine ni bora kuliko hiyo. Na Imamu Nawawi katika kuisherehi Hadithi hii alipambanua vivyo hivyo: kukufuru ni kwa aliyeitakidi kuwa nyota ndiyo itendayo na iumbayo. Basi ikiwa huu ndio uadilifu wao kwa mtu aliyeitaja nyota, ambayo haikuwa sababu ya mvua kabisa, itakuwaje kwa aliyetaja sababu iliyopimwa kwa vyombo?

Tena Qur'ani yenyewe haioni haya kutaja sababu. Katika Suratur-Rum, aya ya 48, twaelezwa kwamba Mungu hutuma pepo, pepo zikatimua mawingu, mawingu yakatandazwa, kisha mvua ikaonekana yatoka kati yake. Katika Suratun-Nur, aya ya 43, mawingu huswagwa, yakaunganishwa, yakarundikwa, na kukatajwa milima ya juu yenye mvua ya mawe, humsibu amtakaye na humwepuka amtakaye. Pepo si mshirika wa Mungu kwa kuwa zimetajwa. Mwenye kusema upepo ulileta wingu hatumwambii aitazame imani yake. Kwa nini basi tulimwambia hivyo aliyesema kwamba kiumbe mwingine, mdogo kuliko vumbi, aliligandisha? Hakika hatukuwa na hoja, ila kwamba upepo tumeuzoea na bakteria hatujamzoea. Mazoea si dalili katika dini.

Na kijana naye, kwa kuwa tumempa haki yake, atatustahimilia tukimwambia kosa lake. Alicheka. Alidhani kwamba mzee, kwa kutoijua sababu, hajui kitu. Na kwamba mwenye kuijua sababu ameyamaliza yote. Hao waliopima hewa ya Colorado wanajua kiasi gani bakteria huzidi mvua inaponyesha. Lakini katika miaka ile ya ukame bakteria walikuwapo juu ya majani ya Tana, na vumbi lilikuwapo tele, na mvua haikuja, kwa sababu bahari na pepo zilikwenda njia nyingine. Kiini cha barafu hakiumbi wingu. Huligandisha lililokwisha kuletwa. Mzee yule alikosea katika sababu, na katika jambo la ni nani aombwe, hakukosea hata kidogo. Kijana alipatia katika sababu. Laiti wangalikaa jamvi moja siku hiyo bila ya sisi kuingia baina yao.

Twaongeza onyo moja kwa wale ambao, wakisha kuyasoma haya, watakimbilia Suratul-Hijr, aya ya 22, iliyozitaja pepo kuwa zenye kupandikiza, wakasema: tazameni, bakteria wametajwa humu! Wafasiri wa zamani wameieleza aya hiyo kwa pepo kuyapandikiza mawingu yakabeba maji, na kuipandikiza miti ikazaa, na maana hiyo yatosha. Rai ya wataalamu yaweza kubadilika baada ya miaka kumi. Mwenye kuifunga aya na rai, siku rai ikianguka atasema nini? Elimu na isomwe mahali pake, na Qur'ani isomwe kwa heshima yake.

Liko jambo jingine ambalo siku ile ya sala tuliliona na tukalinyamazia. Njia ya kwendea uwanjani ilikuwa imepangwa magunia ya mkaa pande mbili, mkaa wa miti ya bara iliyokatwa ikingali mibichi. Tulipita katikati yake tukiwa na nguo kuukuu na nyuso za unyenyekevu, kama Sunna itakavyo, na mwenye magunia alikuwa pamoja nasi safuni. Hatusemi kwamba mti ule ndio uliozuia mvua ya miaka miwili. Hilo hatuna ushahidi nalo, na tumekwisha kuonja matunda ya kusema bila ya ushahidi. Twasema kwamba jani ndilo nyumba ya wengi wa viumbe hawa, na ardhi iliyovuliwa majani humpa tone la mvua vumbi tupu la kurusha. Katika Hadithi ya Anas, mvua ilipozidi Madina baada ya juma zima, Mtume (S.A.W.) aliomba iwe pembezoni mwao isiwe juu yao, akataja vilima na mabonde na mahali paotapo miti. Mahali paotapo miti palikuwa na fungu lake katika dua yake. Sisi tuliomba mvua, na mahali hapo tulipapita tukiwa tumepakanyaga, limekuwa jivu.

Wala isidhaniwe kwamba kila kipandishwacho na mvua ni heri tupu. Katika nchi kavu za Arizona na California kuna kuvu wa udongoni ambaye hukua mvua inaponyesha, kisha ardhi ikikauka mbegu zake huruka na vumbi, na mwenye kuivuta huweza kupata ugonjwa wa mapafu uitwao homa ya bonde. Mvua humkuza na ukavu humrusha.

Hili latufikisha katika swali la mwisho, tulilolipata kwa mama mmoja wa visiwani baada ya habari hizi kuenea mtaani. Aliuliza: ikiwa mvua yashuka na vijidudu, je, maji ya jabia yangali yafaa kutawadhia, na Qur'ani imeyaita maji ya mbinguni kuwa ni yenye kutwaharisha? Ni swali zuri kuliko mengi tuulizwayo na wanaume.

Jawabu ni kwamba yafaa, pasi na shaka. Kiumbe aliye hai si najisi, isipokuwa mbwa na nguruwe na kizazi chao katika madhehebu yetu. Na mafakihi wetu wamesema hata kuhusu najisi yenyewe kwamba ikiwa ndogo kiasi ambacho jicho la kawaida haliioni, imesamehewa. Udongo na majani yaliyochukuliwa na maji kutoka paani nayo hayaondoi twahara yake, kwani ni vitu ambavyo ni uzito kuyakinga maji navyo. Wenye hadubini hawakutuletea najisi mpya.

Lakini twahara ni jambo moja, na usalama wa tumbo ni jambo jingine. Maji yaweza kuwa halali ya udhu na yakamharisha mtoto. Basi paa na lifagiliwe kabla ya msimu, na mfereji uendao jabiani uzibuliwe. Mvua ya kwanza iachwe ipite nje, kwani hiyo ndiyo iliyoosha hewa na kuosha paa na kuchukua mavi ya kunguru. Mdomo wa jabia ufunikwe. Na maji ya kunywa yachemshwe, hasa ya watoto wachanga na wagonjwa. Mwenye kutaka kujipaka tone la mvua ya kwanza usoni, kwa kufuata ilivyopokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliufunua mwili wake mvua ikampata, na afanye hivyo kwa furaha, uani kwake, na jabia lingali limefungwa.

Darsa ya milango ya sala ya kuomba mvua itarejewa tangu mwanzo, baada ya Magharibi, mahali pale pale. Mzee wetu amesema atakuja. Wallahu aalam.